Feni inazunguka, kioo cheusi: kabla hujalipa laki mbili na nusu

"Shikamoo fundi. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa. Ninaishi Kigamboni, ninamalizia tasnifu ya uzamili na natakiwa kuikabidhi baada ya wiki tatu. Jumanne usiku nilikuwa naandika, umeme ukakatika, laptopu ikazimika palepale. Umeme ukarudi, ukakatika, ukarudi tena, kama mara tatu hivi, na mimi sikuchomoa chaja. Tangu hapo haiwaki. Nikichomeka chaja, taa ndogo ya pembeni inawaka. Nikibonyeza kitufe, taa yake inawaka na feni inazunguka, ila kioo cheusi tii, na taa ya Caps Lock inapepesa, inatulia, inapepesa tena. Niliipeleka kwa fundi Kariakoo, akaiangalia kama dakika tano bila kuifungua, akasema umeme umepiga mazabodi, niache mashine pamoja na laki mbili na nusu. Rafiki yangu anasema niifukie kwenye mchele. Kaka yangu anasema ni Windows imeganda, nikapigiwe upya. Laptopu niliinunua mtumba miaka miwili iliyopita na haijawahi kunisumbua, ila mwezi uliopita niliongezewa RAM kwa sababu ilikuwa nzito. Tasnifu yote imo humo. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na sentensi iliyonishtua ni ile uliyoiandika kwa kupitia tu, karibu na mwisho. Nitaifikia. Kwanza nikuondolee hofu ya lile linalokunyima usingizi.

Tasnifu yako haimo kwenye mazabodi, lile bao kuu la saketi linaloshika vipande vingine vyote. Imo kwenye diski, na diski kwenye laptopu nyingi ni kipande kinachojitegemea, kimeshikiliwa na skrubu chache, unakitoa na kukisoma kwenye kompyuta nyingine. Hata mazabodi ikiungua mpaka ikatoa moshi, diski mara nyingi hubaki nzima. Gari likikata injini pale Tazara, mzigo ulio kwenye buti haujapotea, unatafutiwa gari jingine. Kwa hiyo una shida mbili: laptopu isiyowaka, na kazi ambayo hujaiona tangu Jumanne. Ya pili ndiyo ya haraka, na kwa bahati nzuri ndiyo rahisi zaidi. Hizo shida ukimkabidhi mtu zikiwa furushi moja, atakutoza kwa hofu yako, si kwa kazi yake.

Ushauri wa kaka yako ndio unaonitisha kuliko wa wote. Kupiga Windows upya mara nyingi maana yake ni kufuta diski na kuanza moja. Tena Windows haina kosa lolote hapa, kwa sababu haijafikiwa bado. Laptopu nzima ukiichomoa diski kabisa, bado itawaka, itaonyesha nembo ya kampuni yake, kisha itakuandikia kwamba haioni kifaa cha kuanzia. Yako haifiki hata kwenye nembo. Mtu akikuambia nembo haionekani na tiba ni kupiga Windows, mshukuru, chukua mashine yako, ondoka.

Mchele uache upikwe. Laptopu yako haikuingia maji, na hata ile iliyoingia maji mchele hauisaidii. Chumvi na sukari za kinywaji kilichomwagika hubaki kwenye saketi zikiila taratibu huku wewe ukisubiri punje zifyonze unyevu.

Sasa neno la fundi: umeme umepiga mazabodi. Inawezekana, sikatai. Lakini angalia umeme unapita wapi. Ukutani kwako kuna volti 230. Laptopu haizionji hata siku moja. Zinaishia kwenye chaja, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwamba inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, nayo inatoa umeme mnyoofu wa volti 19 na kitu. Umeme ukirudi kwa kishindo, wa kwanza kupigwa kofi ni chaja. Nimeshika chaja nyingi zilizokufa baada ya umeme kurudi vibaya. Mazabodi zilizokufa kwa namna hiyo huku chaja ikibaki hai ni chache mno. Yako taa ya kuchaji inawaka na feni inazunguka. Njia kuu ya umeme inapitika, ingawa hiyo haithibitishi kwamba kila kitu ni kizima. Fundi ametaja mshukiwa wa mwisho kwenye orodha na kumhukumu bila kumfungulia kesi.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, nikueleze kinachotokea tangu kidole chako kinapogusa kitufe. Watu wengi hudhani laptopu inawaka kwa mkupuo, kama taa ya sebuleni. Sivyo. Ni foleni, na kila mmoja anasubiri wa mbele yake aseme tayari.

Ndani ya mazabodi kuna chipu moja ndogo ambayo hailali, hata ukizima mashine. Mafundi tunaiita EC. Mfikirie kama mlinzi wa getini. Ameachiwa umeme kidogo tu wa kumweka macho, volti 3.3 na 5, na kazi yake ni kukaa akisubiri. Kile kitufe unachobonyeza hakiwashi kitu chochote, ni kengele ya geti. Mlinzi akiisikia anaangalia chaja ipo, betri ina hali gani, halafu anaanza kuziamsha volti mbalimbali za mazabodi moja baada ya nyingine. Kila moja lazima ijibu kwamba imesimama sawasawa ndipo anaita inayofuata. Zote zikishasimama, anamruhusu prosesa, ubongo wa mashine, aamke.

Prosesa anaamka hajui chochote. Hajui kwamba kuna kioo wala diski. Anaenda kwenye chipu nyingine ndogo yenye miguu 8, kama punje ya hindi kwa ukubwa, ambamo maagizo ya mwanzo yameandikwa. Hiyo ndiyo BIOS. Agizo mojawapo la mwanzo kabisa ni hili: tafuta RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. Bila RAM prosesa ni kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa na mkasi lakini hana meza, hana pa kutandaza. RAM ikishapatikana na kujaribiwa, ndipo kioo kinawashwa na nembo inatokea. Diski inafuata. Windows ndiyo ya mwisho kabisa.

Tazama kioo kimekaa wapi kwenye foleni hiyo: baada ya RAM. Ndiyo maana RAM ikigoma mashine haiwezi kukuandikia kwenye kioo kwamba RAM imegoma. Kioo bado hakijaitwa. Inachobaki nacho ni taa. Ile Caps Lock inayopepesa, inatulia, inapepesa tena, siyo dalili ya mashine kuchanganyikiwa. Mashine inakuambia tatizo kwa lugha pekee iliyonayo, na ndiyo maana nasikitika kwamba katika dakika zile tano hakuna aliyehesabu.

Sasa turudi kwenye maelezo yako, maana una ushahidi zaidi ya unavyodhani. Umesema umeme ulipokatika laptopu ilizimika palepale. Laptopu yenye betri nzima haizimiki umeme ukikatika, inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Betri yako ilikuwa imeshachoka zamani, pengine bila wewe kujua kwa kuwa chaja ilikuwa imechomekwa muda wote. Kwa hiyo ule umeme uliokatika na kurudi mara tatu uliifikia mashine bila godoro la kuupokea. Mlinzi wa geti aliamshwa, akapigwa usingizi, akaamshwa, kila mara akiwa katikati ya kazi. Chipu ya namna hiyo inaweza kuganda. Na kwa sababu haizimiki maadamu kuna umeme kidogo, inabaki imeganda hivyo hivyo siku nenda siku rudi.

Halafu ile sentensi yako: mwezi uliopita niliongezewa RAM. Nikuulize jambo. Tangu uongezewe, umewahi kuizima laptopu kabisa, au hufunga tu kifuniko na kuiacha kwenye chaja? Wengi tunafunga kifuniko. Kufunga kifuniko ni kuilaza, RAM inabaki na umeme wake na haijaribiwi upya kikamilifu. Stiki iliyokaa vibaya kidogo kwenye tundu lake inaweza kuendelea kufanya kazi, halafu siku mashine inapozimika kweli na kutakiwa kuanza moja, inagoma. Umeme wa Jumanne unabeba lawama za kazi iliyofanywa vibaya mwezi uliopita. Ongeza na hali ya hewa ya kwenu. Upepo wa bahari una unyevu na chumvi, na laptopu za Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach zinapofika mezani kwangu huwa nazitambua kabla mwenyewe hajaniambia anakaa wapi: vichwa vya skrubu vimeota kutu na meno ya RAM yamepoteza mng'ao.

Hukuniambia ni laptopu ya kampuni gani, lakini kupepesa kwa Caps Lock ni mtindo wa HP, kwa hiyo nitachukulia ni HP. Dell huzungumza kwa taa ya betri au ya kuwashia, rangi ya chungwa na nyeupe. Kwenye nyingi za miaka ya karibuni, chungwa 2 na nyeupe 3 ni kwamba haioni RAM. Lenovo kadhaa hutoa milio.

Usiku wa leo fanya hivi. Chomoa chaja. Chomoa kila kitu kilichochomekwa, mausi, flashi, hata ile waya ya modemu. Kama betri ni ya kuchomolewa kwa nje bila kufungua mashine, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde 30 nzima. Hesabu kwa sauti, maana watu wengi huachia kwenye kumi. Hapo unamalizia umeme uliobaki kwenye saketi ili mlinzi alale kweli na akiamka aanze upya. Acha dakika tano. Rudisha chaja peke yake, ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye vitu sita. Bonyeza kitufe mara moja tu. Kisha ngoja dakika tatu bila kugusa kitu. Hapa ndipo watu hujiponza: baada ya kukosa umeme kabisa, mashine nyingine huipima RAM upya kwa muda kioo kikiwa cheusi, na asiye na subira huizima sekunde ya ishirini akidhani bado imekufa.

Kama betri yako ni ya ndani, na za siku hizi nyingi ni za ndani, zoezi hili halikati umeme wote, ingawa kwa baadhi ya mashine linatosha. La uhakika ni kufungua kifuniko cha chini na kuchomoa waya wa betri, ambalo tutakuja nalo hivi punde.

Isipowaka, hesabu. Chukua simu, rekodi video ya taa ya Caps Lock kwa dakika moja, kisha iangalie polepole. Kwenye HP za zamani kidogo unahesabu tu mipepeso kabla ya kutulia: 2 ni BIOS iliyoharibika, 3 ni RAM, 5 ni mazabodi yenyewe. Kwenye mpya kunakuwa na mipepeso mirefu ikifuatiwa na mifupi: mirefu 3 na mifupi 2 ni mlinzi aliyesubiri RAM ijibu mpaka akachoka, mirefu 2 na mifupi 2 ni BIOS. HP wenyewe wameweka jedwali kwenye tovuti yao, linganisha na modeli iliyoandikwa chini ya mashine yako kabla ya kuamini kumbukumbu zangu.

Lipo jaribio jingine la dakika mbili ambalo sitegemei likupe kitu, lakini ni la bure. Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni wakati mashine inajaribu kuwaka. Ukiona kivuli cha maandishi au nembo, basi picha ipo na kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Au unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Kwa dalili zako nadhani vyote vitakuwa vyeusi, kwa kuwa Caps Lock isingepepesa kama picha ingekuwa inatoka.

Hesabu ikikuangukia kwenye RAM, kuna kazi unayoweza kuifanya mwenyewe au kusimamia mtu aifanye mbele yako. Chaja ichomolewe. Mashine ilazwe juu ya kitambaa, ifunguliwe chini kwa bisibisi ndogo ya nyota, na skrubu zipangwe kwenye karatasi kwa mpangilio wa zilipotoka kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa pasipotakiwa. Gusa kitu cha chuma kikubwa kwanza, dirisha la nondo linatosha, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Chomoa waya wa betri kwa kuvuta plagi yake, si nyaya. Hapo sasa shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 kwa mara ya pili. Safari hii ndiyo yenye maana.

Stiki za RAM utazitambua: vibao vyembamba vilivyolala, kila kimoja kimebanwa na vishikizo viwili vya chuma pembeni. Sukuma vishikizo kwa nje, kibao kitainuka chenyewe kwa pembe. Kitoe. Utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Kama ni RAM ya aina iitwayo DDR4 yapo 260, na jino moja tu lisiloshika vizuri linatosha kuifanya mashine nzima iwe bubu. Yafute kwa kitambaa kilicholowa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme. Najua mafundi wengi hapa mjini husugua kwa kifutio cha penseli, hata mimi nimefanya hivyo ujanani, na hufanya kazi. Ila kinaacha vumbi lake na kinakula ile dhahabu, ukisugua kila mwezi utaimaliza. Rudisha stiki moja tu, ile ya zamani iliyokuja na mashine, si ile uliyoongezewa. Iingize kwa pembe mpaka meno yapotee kabisa ndani ya tundu, ndipo uilaze ishikwe na vishikizo. Kosa la kawaida ni kuilaza kabla haijazama: vishikizo vinabana, macho yanadanganyika, ila meno yamebaki nje kwa milimita moja. Rudisha waya wa betri, chomeka chaja, bonyeza, ngoja dakika tatu.

Mama mmoja aliniletea mashine iliyokuwa imeshalipiwa mazabodi mara moja, na bado haiwaki. Stiki ilikuwa imekaa upande kwa sababu chini yake kulikuwa na ganda la mende. Nilitumia muda mrefu zaidi kunywa chai aliyoninunulia kuliko kuitengeneza. Sisemi yako itakuwa hivyo. Nasema lifanyike lisilo na gharama kwanza.

Ikiwaka na stiki ya zamani peke yake, zima, jaribu ile mpya peke yake. Ikigoma, mkosaji umempata, rudi dukani ulikonunua. Mashine ikiwaka kwa kila stiki moja moja lakini zikiwekwa pamoja inagoma, basi haziivani, na utabaki na moja mpaka upate inayoelewana nayo.

Hesabu ikiangukia BIOS, niambie jambo moja: wakati umeme unakatika, au ulipokuwa unarudirudi, kulikuwa na maandishi ya nembo ya kampuni na asilimia zikipanda? Kama ndiyo, ilikuwa inajiandika upya na umeme ukaikatia sentensi njiani. HP nyingi huwa zimeweka nakala ya akiba. Mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomekwa, shikilia kitufe cha Windows na herufi B kwa pamoja, bonyeza cha kuwasha sekunde 2 au 3 ukiachie, huku vile viwili ukiendelea kuvishika. Isipokubali, ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuiandika upya ile chipu ya miguu 8. Si kazi kubwa wala si kubadilisha mazabodi, usikubali ipewe jina hilo.

Sasa tasnifu, ambayo usiisubirishe majibu ya haya yote. Kabla ya kitu chochote angalia kama haijajihifadhi kwingine bila wewe kukumbuka: OneDrive, Google Drive, barua pepe uliyomtumia msimamizi wako, flashi uliyochapishia mara ya mwisho pale stationari. Nakala ya wiki mbili nyuma siyo yote, lakini utalala.

Kisha diski itolewe. Kwenye laptopu za miaka ya karibuni ni kijibao kirefu cha milimita 22 kwa 80 kilichoshikwa na skrubu moja mwishoni. Kwenye za zamani ni kisanduku bapa cha inchi 2.5. Vyote vina kava zake za USB zinazouzwa madukani, unachomeka diski humo na inakuwa kama flashi kubwa. Nenda na diski yenyewe dukani, maana hivyo vijibao viko vya aina mbili zinazofanana kwa macho, SATA na NVMe, na kava ya moja inaweza kukataa nyingine. Laptopu chache nyembamba sana diski yake imechomelewa kwenye mazabodi. Ukikuta hivyo, acha, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Kuna mtego mmoja ambao sitaki ukunase ukiwa na wiki tatu tu. Windows za sasa mara nyingi huifunga diski kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kuambiwa kwa herufi kubwa. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine itakuomba namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Namba hiyo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu uitafute leo, uiandike. Ni muhimu hata kama hutatoa diski, kwa sababu ufunguo unaofungua kufuli hilo kila siku bila wewe kuulizwa hulindwa na chipu iliyo kwenye mazabodi. Fundi akikubadilishia mazabodi, mashine itawaka vizuri kabisa na kukuomba tarakimu 48. Na kama uliinunua mtumba na bado inatumia akaunti ya mwenye duka, mtafute kabla hamjagusa chochote.

Kuna hali ambazo sitaki uguse mwenyewe. Ukifungua ukakuta betri imevimba kama mto, au padi ya kidole imeinuka na kifuniko hakifungi vizuri, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji. Iweke mbali na godoro na mapazia, kesho mpelekee fundi ukiwa umeibeba peke yake bila kuikandamiza kwenye begi. Harufu ya kuungua, sehemu ya chini inayochoma ndani ya sekunde chache, au chaja inayozima taa yake kila ukiichomeka kwenye mashine: hiyo ni shoti ndani, chomoa. Na kama hesabu ya taa inataja mazabodi yenyewe, au umefanya yote na hakuna kilichobadilika, hapo kweli unamhitaji mtu mwenye vifaa.

Mtu huyo utamtambua kwa maswali yake. Fundi wa mazabodi ana mita mezani na pawa saplai inayomwonyesha mashine inavuta ampea ngapi kabla na baada ya kubonyeza kitufe. Muulize: ni volti gani haipo? Au: shoti iko wapi? Mwenye jibu atakutajia kitu, kapasita fulani, chipu ya kuchaji, mosifeti pale kwenye njia ya kuingilia umeme, na mara nyingi kitu hicho ni kidogo na bei yake ni ndogo kuliko jina lake. Anayejibu "mazabodi" tu, basi ndilo neno alilonalo. Mkatalie anayetaka kuipiga hita mazabodi nzima ili "ishtuke". Joto hilo wakati mwingine huiamsha chipu iliyochoka kwa siku kadhaa, unalipa, unafurahi, halafu inazimika moja kwa moja ikiwa imeharibika zaidi. Hita ina kazi yake halali, kutoa na kuweka kipande ambacho kimeshatajwa kwa jina.

Usiache mashine ikiwa na diski ndani. Piga picha RAM na betri, lebo zake zionekane, na mwambie fundi kwa upole kwamba umepiga. Mkubaliane gharama ya kuchunguza peke yake kwanza, ya kutengeneza baadaye, na kipande kibovu kirudishwe kwako. Mafundi waaminifu Kariakoo wapo wengi tu, nami nimejifunza kazi kwao. Hawa hawachukizwi na masharti hayo.

Kuhusu hiyo laki mbili na nusu: kama mwisho wa yote ikathibitika ni mazabodi, uliza bei ya laptopu ya mtumba kama yako ilivyo leo. Gharama ikivuka nusu ya bei hiyo, mimi nisingetengeneza, hasa kwa vile mazabodi utakayowekewa nayo itatoka kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine, na wewe bado unahitaji betri mpya. Ningeitoa diski na RAM, nikaazima mashine ya mtu kwa wiki hizi tatu, nikamalizia kuandika, ndipo nikatafuta nyingine bila haraka. Lakini kwa ulichonieleza sidhani utafika huko.

Chaja yako pia iangalie ukiwa na nafasi. Nyuma yake imeandikwa volti na ampea; 19.5 mara 3.33 ni wati 65. Kama mashine inataka 65 na wewe uliuziwa ya 45, inaweza kuwasha taa ya kuchaji vizuri tu na bado ikazidiwa mzigo ukipanda. Kinyume chake hakina madhara, ya 90 yenye volti zilezile na kichwa kilekile mashine itachota inachohitaji tu. Na kwa kuwa betri yako haikulindi tena, umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke, au tumia kile kifaa cha kulindia friji ambacho husubiri kwa niaba yako.

Anza na sekunde 30. Kisha niandikie modeli iliyo chini ya mashine na idadi ya mipepeso, mirefu na mifupi, kama ulivyoiona kwenye video.